Nusu Saa Kabla ya Chai

Mwatumu, kidonge chenyewe ni kidogo kama punje ya mtama.
Unakimeza kwa maji matupu, kiza bado kimeshika dirisha,
kisha twakaa mezani tukilitazama birika
kama watu wanaomngoja mgeni asiyependa haraka.
Nusu saa. Ndivyo alivyosema daktari wa Matlock:
chai ikitangulia, dawa hupotea njia.

Nianze nyuma kidogo, maana deni ni langu.

Mwaka wetu wa pili bondeni hapa
ulivaa sweta mbili mwezi wa Juni.
Nilicheka. Nikasema, hii ni Uingereza, utazoea.
Sauti ikashuka, ikakwaruza kama mlango wa stoo.
Nyusi zikaisha pembeni, huku na huku,
kana kwamba mtu alipita usiku akafuta mwisho wa mstari.
Nywele nilizikuta bafuni, nikazizoa kimya.
Ukasahau chumvi. Ukasahau Jumanne.
Ukalala na viatu vya kazi.

Nami natoka machimboni Wirksworth,
vumbi la chokaa hadi kwenye kope,
nakuta masufuria yamelala kama ulivyolala.
Nikakuita gogo.
Si kwa utani. Nilisema, "Umekuwa gogo, Mwatumu,"
ukageuka polepole, kama gogo kweli, lililokaa majini siku nyingi.
Hukujibu.

Aliyeona si mimi.
Ni mzee Clifford Allsop, chumba cha tisa,
uliyekuwa ukimfunga vifungo kila asubuhi.
Alishika mkono wako uliovimba, akashangaa:
una baridi kuliko yeye, wa miaka tisini na moja!
Akagusa koo lake, akakuhadithia bibi yake
aliyefunga utepe wa mahameli kuficha rovu,
enzi ambazo rovu liliitwa kwa jina la jimbo hili,
shingo ya Derbyshire.
Nikakumbuka paketi za chumvi za kwetu,
"ina madini joto",
maneno niliyosoma utotoni bila kuuliza: joto la nani?

Lakini kwako haikuwa chumvi.
Daktari alichora kipepeo katikati ya koo.
Chini ya ubongo, akasema, kuna tezi kama njegere;
huyo ndiye nyapara.
Hana waya wala tarishi, hutuma homoni kwenye damu: amka, fanya kazi.
Kipepeo naye humwaga yake, tone kwa tone,
na moyo hujua mwendo, ngozi hupata moto,
tumbo husaga, akili huwaka.
Vikitosha, nyapara hunyamaza.
Damu yako ilijaa kelele zake,
na kipepeo hakujibu,
kwa kuwa askari wako mwenyewe, waliowekwa kulinda mipaka,
walikuwa wamemgeukia, wanamtafuna mbawa.

Nilitazama sakafu ya kliniki.
Nyumbani nilikuwa nyapara wa pili,
kadiri ulivyonyamaza ndivyo nilivyopaza.

Mwezi wa Machi kipimo kilizidi.
Moyo ukakimbia kama mwizi, mikono ikatetemeka,
ulifungua madirisha yote theluji ikiingia jikoni,
saa nane za usiku unasugua kuta, unacheka peke yako.
Niliiogopa furaha ile kuliko usingizi.
Wakapunguza. Wakapima damu tena. Wakapunguza.

Sasa nyusi zinarudi, ya kushoto kwanza.
Mzee Allsop hakuziona.
Kitanda cha chumba cha tisa kina mtu mwingine, asiyependa kuguswa.

Bado dakika nne.
Joto limepata mizani yake,
ila neno nililolitamka halina daktari,
halipimwi kwenye damu.
Nafungua kinywa niombe radhi,
nawe wanitangulia, kwa sauti yako ileile ya zamani:
"Gogo halichemshi chai, bwana.
Inuka, uwashe birika."